Tundu la Kumi na Saba

Mtaani walimwita Rubani, na hajawahi kupanda ndege hata siku moja. Jina lilianza kwa utani. Siku aliyorudi nyumbani mara ya kwanza na ovaroli ya buluu ya kiwandani, fundi viatu wa pale kwenye kona alisimama, akampigia saluti, akauliza, "Rubani, utatupitia lini juu ya mapaa?" Watu wakacheka, jina likaganda. Yeye alieleza kwa upole kwamba anatengeneza milango ya mizigo na vipande vya mkia vya ndege ndogo, kwamba vikiisha vinafungwa kwenye makasha ya mbao na kwenda kuunganishwa mbali, na kwamba ndege nzima anaiona angani kama wao wanavyoiona. "Basi wewe ni rubani wa mkia," fundi viatu akasema. Hapo ndipo alipoambiwa ashone viatu vyake na aache watu wapite.

Kwa asili alikuwa mtoto wa bati. Baba yake alitengeneza masanduku, yale makubwa ya wanafunzi wa bweni na ya maharusi, yenye komeo mbele na maua ya rangi kwenye kifuniko. Banda lake lilikuwa mbele ya nyumba, na tangu binti anatambaa, sauti ya kwanza aliyoisikia asubuhi ilikuwa nyundo. Akiwa na miaka kumi aliweza kupinda ukingo wa bati bila kujikata. Akiwa na kumi na nne, ribiti alizopiga yeye na alizopiga baba yake, vile vijisumari vya kushikanishia bati, huwezi kuzitofautisha, na mzee alikuwa akiwatania wateja wachague ipi ya nani. Hakuna aliyepatia.

Mzee huyo alikuwa fundi kweli, na kama mafundi wengi wa kweli alikuwa na maringo yake. Fahari yake kubwa haikuwa kutokosea. Alikuwa akikosea kama binadamu yeyote. Fahari yake ilikuwa kwamba hakuna aliyewahi kuona. Tundu likitobolewa mahali pasipotakiwa, tone la lahamu, tupa mara tatu, rangi juu, kwisha. "Mteja ananunua sanduku, hanunui makosa yangu," alikuwa akisema. "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ziba, mwanangu, tena ziba mapema." Na binti akajifunza kuziba. Alikuwa na mkono mzuri wa kuziba kuliko hata baba yake.

Kiwanda kilipotangaza nafasi za mafundi wa bati jepesi, shangazi yake alisema, "Mwanamke na ndege, wapi na wapi?" Baba akamjibu dada yake kwamba ndege ni sanduku lenye mabawa, na masanduku mtoto anayajua. Siku ya majaribio walifika vijana wenye vyeti vya vyuo, kalamu zimepangwa mifukoni. Kila mmoja akapewa kipande cha alumini na ribiti ishirini na tano. Binti wa sanduku alimaliza wa tatu, lakini msimamizi alipopitisha kidole juu ya vichwa vya ribiti zake, alirudia tena, kisha akawaita wenzake nao wapitishe vidole. Vyote vilikuwa kimo kimoja. Akaajiriwa siku hiyo hiyo.

Aliyoyakuta humo ndani yalimshangaza. Karakana nyeupe, sakafu inang'aa mpaka unaona soli ya kiatu chako. Ukutani kulikuwa na ubao ambao kila chombo kimechorewa umbo lake, nyundo mahali pa nyundo, tupa mahali pa tupa, ili jioni ukitazama tu ujue kipi hakijarudi. Wiki yake ya pili ncha moja ya drili haikuonekana. Ncha yenyewe ndogo, chini ya urefu wa kiberiti. Watu arobaini walisimamisha kazi kwa saa tatu nzima, wakafagia, wakapekua, wakamulika kila pembe, mpaka ikapatikana kwenye pindo la suruali ya mtu. Kwa baba yake ncha ikipotea, mnasema "itaonekana tu," mnaendelea.

Mkaguzi wa karakana alikuwa mzee mwembamba waliyemwita Kurunzi. Alitembea na tochi kifuani na kioo kidogo chenye mpini, kama cha daktari wa meno, akichungulia kila tundu mbele na nyuma. Kazi iliyompita haikuwa na kasoro, na miaka ishirini na sita ilikuwa imempita bila kasha hata moja kurudishwa. Alikuwa mkali, maneno yake yalichoma, lakini Rubani alimpenda tangu mwanzo, kwa kuwa naye alipitisha kidole juu ya ribiti kama baba yake. Kurunzi naye alimwita "binti," akamfundisha kusoma michoro, akamfundisha kupima upana wa unywele.

Na alimfundisha sheria ya kalamu nyekundu. Ukikosea, unasimama. Unachukua kalamu nyekundu, unazungushia duara pale ulipokosea, unaandika jina lako kwenye karatasi nyekundu, mhandisi anakuja kuamua kama kipande kinatengenezeka au kinatupwa. Hakuna matusi. "Kukosea ni karatasi," Kurunzi alisema. "Kuficha ni kufukuzwa." Na haikuwa hadithi ya kutishia watoto. Mwaka wa pili Rubani alimwona kwa macho yake jamaa mmoja, fundi mzuri tu, akitolewa getini na ovaroli yake kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu alikwaruza bati akalisugua mpaka mkwaruzo ukapotea.

Sasa, alichokuwa anakitafuta Rubani ni muhuri. Ni kidude kidogo tu, uso wake haufiki ukucha wa kidole gumba, chenye namba. Fundi mwenye muhuri anagonga mwenyewe kwenye karatasi za kazi yake, na namba ile inabaki na kile kipande mpaka siku ndege itakapokatwa chuma chakavu. Asiye na muhuri ni mkono tu. Kazi yake inasemewa na mwingine. Rubani alikuwa mkono kwa miaka mitano. Mwaka huo jina lake likaingia kwenye orodha. Sharti lilikuwa miezi sita bila karatasi nyekundu hata moja, na ukipata moja unaanza kuhesabu upya. Miezi mitano na siku ishirini na tano zilikuwa zimeisha. Ijumaa ya wiki inayofuata angeitwa ofisini akabidhiwe. Baba alikuwa ameshawatangazia mtaa mzima. Alikuwa ameunda hata kisanduku cha bati, kidogo kama cha sindano, cha kuwekea huo muhuri, ingawa aliambiwa mara kumi kwamba muhuri hautoki kiwandani.

Basi ikafika Alhamisi. Rubani alikuwa kwenye ukingo wa kipande cha mkia, mstari wa matundu arobaini, amefika tundu la kumi na saba. Kengele ya kumaliza zamu ilikuwa karibu. Drili ikaruka. Hakusinzia, hakuwa akipiga soga, iliruka tu kama drili zinavyoruka, na badala ya tundu moja la duara yakawa mawili yaliyoshikana, kama ganda la karanga.

Alisimama. Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni, aliigusa. Kisha, jamani, mkono ukafanya ulichofundishwa tangu utotoni. Ukachukua tupa ndogo, ukalainisha, ukachagua ribiti, ukaipiga. Kichwa cha ribiti kikafunika ganda lote la karanga, kikazidi kwa unywele tu. Ukitazama, ribiti arobaini, kimo kimoja, safi. Ilikuwa kazi nzuri ya kuziba kuliko zote alizowahi kufanya. Akairudisha tupa kwenye umbo lake ubaoni.

Ijumaa asubuhi Kurunzi akapita na tochi. Kwa fundi wa kwanza alichungulia matundu yote, mbele na nyuma. Kwa wa pili vilevile, akamrudishia moja. Akafika kwa Rubani. "Ya nani hii? Ya Rubani?" Akapitisha kidole juu ya mstari, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akagonga muhuri wake. Tochi hakuiwasha. "Wiki ijayo utagonga mwenyewe, binti, nipumzishe mgongo," akasema, akapita. Rubani alitamani amwite. Alikwenda msalani akanawa uso mara mbili, akarudi kazini.

Jumamosi hakula vizuri. Alijiambia yale tunayojiambia sote: kwamba ribiti moja kati ya arobaini si kitu, kwamba wahandisi huwa wanazidisha, kwamba hata hivyo mkaguzi ameshapitisha. Kila neno lilikuwa na ukweli wake kidogo. Tatizo ni kwamba alijua pembe mbili za karanga ile zimekutana kwa ncha, na kwenye bati linalotikisika, ncha ndipo ufa unapoanzia. Kurunzi ndiye aliyemfundisha hilo.

Jumapili mchana alikuwa amekwenda kumsalimia baba yake bandani, amekaa kwenye kigoda, wakati mama mmoja alipoingia na sanduku kichwani. Sanduku la zamani, maua ya kifuniko yamefifia. "Fundi, kazi yako hii," mama yule akasema. "Miaka kumi na moja sijakulalamikia. Juzi nimelibeba, kitako kimeachia njiani."

Mzee akaligeuza. Kona ya chini bati lilikuwa limefunguka, na pale ufa ulipoanzia palikuwa na tone la lahamu limekauka, limezungukwa na kutu. Mzee akalitambua tone lake. Akaanza kucheka, cheko la mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. "Eti miaka kumi na moja! Umeona, mwanangu? Nililiziba hili, likakaa miaka kumi na moja!"

"Baba, lilipoachia?"

"Lilipoachia nini? Nguo zimemwagika barabarani, ameokota, amefunga kamba, ameleta. Kwani sanduku lina hatari gani? Si liko chini?"

Mama mwenye sanduku naye akacheka, akasema alichoonea aibu ni nguo za ndani. Rubani hakucheka. Aliliangalia tone lile mpaka baba yake akamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Akaaga mapema.

Jumatatu alifika kabla ya kengele. Kipande chake kilikuwa kimeegemezwa sehemu ya kupakia, na kasha lake la mbao wazi pembeni. Lingefungwa Jumanne. Akamkuta Kurunzi anafuta kioo chake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umewahi. Muhuri unakunyima usingizi?"

"Mzee, tundu la kumi na saba nililiharibu. Nimelifunika."

Kurunzi akaendelea kufuta kioo. Alikifuta muda mrefu kuliko kioo kile kilivyohitaji. "Kipande kipi?"

"Hiki. Ulichokigonga Ijumaa."

Hapo ndipo Rubani alipoelewa jambo ambalo siku tatu zote hizo, kwa kujifikiria mwenyewe, hakuwa amelifikiria. Muhuri uliokuwa kwenye karatasi za kipande kile haukuwa wake. Ulikuwa wa mzee. Miezi minne ilikuwa imebaki astaafu. Miaka ishirini na sita bila doa, na doa hili hapa, ameletewa asubuhi na mapema na binti aliyemfundisha kwa mkono wake mwenyewe.

"Nani mwingine anajua?" Kurunzi akauliza.

"Mimi na wewe."

Mzee akatazama mlangoni. Hakukuwa na mtu. Akalitazama kasha. Mimi simlaumu kwa kutazama kule, na wewe usimlaumu; na Rubani aliyekuwa pale hakumlaumu. Alisimama tu, na ukweli ni kwamba nusu ya moyo wake ilikuwa inaomba mzee aseme, "Nyamaza, tumalize." Angenyamaza. Alikuja kulikiri hilo baadaye.

Kurunzi akawasha tochi. Akapiga magoti, akaingiza kioo nyuma ya ukingo, akahesabu kwa sauti mpaka kumi na saba, akachungulia. "Umeziba vizuri," akasema. "Ningemulika ningeona. Sikumulika kwa sababu ni kazi yako." Akainuka kwa shida, ameshika kiuno. "Toa kalamu. Zungushia. Andika jina lako kwenye karatasi. Mimi nitaandika langu chini yake."

Akazungushia. Duara lilitoka limepinda kwa sababu alikuwa analia, na mzee akamwambia kama anataka kulia akalie nje, wino usije ukachafuka.

Meneja wa kiwanda alikuwa mama wa maneno machache. Aliwaita wote wawili, akasoma karatasi nyekundu mara mbili, kisha akamuuliza Rubani swali moja. "Kasha lingekuwa limeshaondoka, ungesema?"

Rubani alijua jibu linalotakiwa. Kila mtu analijua. "Sijui, mama," akasema.

Meneja akamtazama. "Ungesema ndiyo, ningekufukuza leo," akasema. Uamuzi ukatoka mchana. Kipande kikatupwa. Rubani hakufukuzwa, kwa kuwa alisema kabla kasha halijafungwa, lakini akazuiwa muhuri kwa miaka miwili, akarudishwa benchi la kwanza kabisa, la kusugua kingo za mabati, kazi ya wanaoanza. Kurunzi akanyang'anywa muhuri wake. Miezi minne iliyobaki alihesabu ribiti stoo.

Jioni ile Rubani akaenda kumwambia baba yake, na hapo ndipo palipouma kuliko ofisini. Mzee alisikiliza yote, nyundo mkononi. Kisha akalipuka. "Nimekufundisha kuziba, wewe umekwenda kuzibua! Mkaguzi amepitisha, kipande kimepita, umefuata nini? Miaka mitano!"

"Baba, ni ndege."

"Najua ni ndege! Unataka kusema masanduku yangu ni uchafu? Mimi maisha yangu yote ni mwongo, ndiyo unachosema?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema!" Na kile kisanduku kidogo cha muhuri kilichokuwa juu ya rafu akakitupa kwenye lundo la chakavu. Wakakaa karibu miezi mitatu wakisalimiana tu. Mtaani nako fundi viatu akapata la kusema, eti Rubani ameteremshwa, sasa ni utingo. Rubani akamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akaenda zake, lakini alipofika ndani alilia.

Alisugua kingo kwa miaka miwili. Vijana aliowafundisha kushika drili walipata mihuri yao, wakampita. Kurunzi alistaafu bila sherehe. Siku ya mwisho alipita kwenye benchi la Rubani, akawasha tochi, akapitisha kidole kwenye ukingo aliousugua binti, akasema, "Mkwaruzo upo hapa." Kweli ulikuwepo. Ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia, na Rubani alifurahi nayo sana, kwa sababu safari hii mzee alimulika.

Muhuri ukaja mwaka wa nane tangu aajiriwe. Hakumtangazia mtu. Alikabidhiwa asubuhi, akaugonga mara ya kwanza kwenye karatasi za mlango wa mizigo, akaufungia kwenye kabati lake kama sheria inavyotaka, na jioni akapita bandani kumjulia hali baba yake, ambaye sasa macho yalikuwa yanapungua na alikuwa anafanya kazi karibu na mlango, penye mwanga.

Kulikuwa na sanduku jipya sakafuni, kubwa, la harusi. Rubani akainama kulitazama, kama kawaida yake. Chini ya kona, pembeni ya ua la mwisho, palikuwa na tone la lahamu, zuri, limepigwa tupa. Juu yake hapakuwa na rangi ya sanduku. Lilikuwa limezungushiwa duara jekundu.

Akainua macho.

"Usinitazame hivyo," mzee akasema. "Rangi nyekundu ilibaki kwenye maua."

"Baba, mteja akiuliza?"

"Ameshauliza. Nimemwambia hapo niliteleza, akipenda abebe, asipopenda aache. Anakuja kulichukua kesho." Akapiga nyundo mara mbili mahali pasipohitaji kupigwa. "Haya. Nimesikia umepewa. Fundi viatu kaniambia. Sijui yeye kasikia wapi. Lete huo muhuri wako ugonge hapo."

"Hautoki kiwandani, baba. Nimekwambia mara ngapi?"

"Mnajidai sana." Akavuta kopo la rangi kwa mguu, akalisukuma mpaka miguuni pa binti yake. "Basi weka kidole."

Rubani akachovya kidole gumba kwenye rangi nyekundu, akapiga magoti, akakigandamiza kando ya duara. Alikishikilia hapo mpaka baba yake akamwambia inatosha, rangi itachuruzika.